Tone la Jirani

Upepo wa Katesh hauna adabu, na siku ya mnada ndiyo huzidi. Hushuka kutoka Mlima Hanang bila kupiga hodi, ukainua vumbi la ng'ombe, ukapekua sketi za akina mama, ukaangusha miwani iliyopangwa juu ya maturubai. Asubuhi ile ulifika mpaka kwenye meza ya viungo ya Philomena, ukachota manjano ya unga kutoka kwenye beseni, ukaipeleka yote, kama vile ulikuwa umetumwa, kwenye kifua cha kijana mmoja aliyevaa shati jeupe.

"Mama yangu!" Philomena aliruka kutoka kwenye kigoda. "Pole kaka, pole sana! Usisugue! Ukisugua umeliua."

Kijana alikuwa ameshainua mkono. Akausimamisha hewani.

"Sasa nifanyeje?"

"Kung'uta tu, taratibu. Ukifika nyumbani ulifue, ulianike juani. Manjano inaogopa jua. Siku chache, shati lako litarudi jeupe."

Kijana akacheka. "Hata yetu inaogopa jua."

"Yenu ipi?"

"Dawa yetu ya macho. Inatokana na hiyohiyo uliyonimwagia."

Philomena akamtazama vizuri. Hakuwa mrefu. Kifua kipana, nywele zimechongwa juzi, viatu vinang'aa kama vile hakuambiwa anakuja Katesh. Na sasa manjano kuanzia kola mpaka mkanda.

"Manjano hii ya pilau?"

"Hiyo ya pilau. Nimekuja kununua vipande vibichi niende navyo vijijini, watu waone dawa ilikotoka. Mimi ni mfamasia, niko kwenye utafiti. Naitwa Wolfgang."

Philomena alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Wolfgang wa wapi? Ujerumani?"

"Wa Bashay."

"Bashay kwenye vitunguu saumu?"

"Kwenye vitunguu saumu. Usicheke dada, padri aliyenibatiza alikuja na majina yake."

"Haya, karibu, Mzungu wa Bashay. Vipande nakupa bure. Shati nimekuharibia, nikikuuzia na manjano nitakuwa sina haya."

Alirudi mnada uliofuata, amelivaa shati lilelile. Limefuliwa, limeanikwa, bado lina kivuli cha njano upande wa moyo. "Umenidanganya," alisema. "Halijarudi." "Hujalianika vya kutosha," Philomena akajibu. Hapo ndipo namba za simu zilipobadilishana zenyewe.

Philomena hakuwa msichana wa kurukia maneno. Alikuwa na Irene, binti wa miaka minne, ambaye baba yake alikwenda migodini Mererani kutafuta mawe, akapiga simu mwanzoni, kisha akaacha. Alikuwa na masomo yake ya jioni aliyoyaanza upya ili apate cheti cha kidato cha nne. Na alikuwa na mama yake, Fransiska, kule Endasak, ambaye macho yalikuwa yanamzimikia. Trakoma ilikuwa imemkunja kope zikaingia ndani. Alifanyiwa upasuaji, kope zikageuzwa, lakini kioo cha jicho kiliendelea kuwaka. Mekundu kila siku, machozi, ukungu. Alishaanza kuwatambua wajukuu kwa kuwashika vichwa.

Kwa hiyo Wolfgang alipopiga simu jioni, kati ya "umekula?" na "umenikumbuka?", Philomena alimbana kwa maswali.

"Nieleze basi, mwalimu wangu. Manjano na jicho vinakutania wapi?"

"Ukitia manjano kwenye glasi ya maji inakuwaje?"

"Inazama."

"Kwenye mafuta ya moto?"

"Inakubali. Ndiyo maana mchuzi unaanzia kwenye mafuta."

"Basi umeshamaliza nusu ya shahada yangu. Jicho ni maji matupu. Ukilitia manjano ya sokoni utaliumiza bure, na machozi yatasukuma nje hicho ulichotia. Usijaribu, tafadhali. Sisi tunachukua kile kinachotuliza uvimbe, hicho peke yake, tunakifunga kwenye vijifuko vya mafuta. Vidogo, Philo. Chukua unywele wako mmoja uupasue mara elfu, kipande kimoja ndiyo saizi yake. Vinashikamana na kioo cha jicho, machozi yanapita, vyenyewe vimebaki. Vinaachia dawa kidogo kidogo."

"Umewahi kuviona?"

"Kwa mashine."

"Kwa hiyo umetoa maisha yako kwa vitu visivyoonekana."

"Kama padri aliyenibatiza."

Philomena alicheka gizani peke yake, Irene amelala kwenye paja lake, na akajua ameshakwisha.

Mama Fransiska alipotaka kuingia kwenye utafiti, Wolfgang ndiye aliyesita. Walikuwa wamekaa nyuma ya meza ya viungo, wanakula mahindi ya kuchoma.

"Profesa wangu akijua atanifukuza. Atasema napima macho ya mkwe wangu."

"Mkwe?"

"Ulimi umeteleza."

"Uache uteleze," Philomena alisema, akainamisha uso kwenye hindi lake. Kisha akauinua. "Wolfgang, mama yangu anapofuka. Vigezo anavyo, umesema mwenyewe. Akose dawa kwa sababu mimi nakupenda?"

Wolfgang aliliweka hindi lake chini. Walikubaliana kunyamaza. Likaonekana jambo dogo.

Siku ya kugawa chupa, watu wa Endasak walikusanyika uani kwa Mama Fransiska, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli. Jirani yake, Mama Gidabuday, alikuwa wa kwanza kufika, na sketi yake ya ngozi na bangili za shaba zilizompanda mkono mzima. Wabarbaig wenzake walihamahama na ng'ombe mpaka Dirma na kurudi, yeye alibaki pale pale, ukuta kwa ukuta na familia hii ya Wairaqw, tangu akiwa bibi harusi. Macho yake nayo yalikuwa mekundu kama ya mwenzake.

Wolfgang alieleza taratibu. "Mama zangu, nusu yenu mtapata dawa mpya. Nusu mtapata ile ya kawaida ya hospitali. Chupa zinafanana. Kila mtu atumie yake, macho yote mawili, asubuhi na jioni. Asimpe mwingine."

"Na wewe unajua nani amepata ipi?" aliuliza Mama Fransiska.

"Sijui, mama. Nikijua nitapendelea bila kukusudia."

"Sasa nani anajua?"

"Kompyuta ya chuo."

Mama Fransiska aligeuza uso kuelekea alikokuwa jirani yake. Hakumwona vizuri, lakini aligeuza. Mama Gidabuday naye akageuka. Hakuna aliyelitilia maanani.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili, Philomena alishuka kwenye bodaboda na Irene mgongoni. Jua lilikuwa bado halijaingia nyuma ya mlima. Alizunguka nyumba na kuwakuta wale wamama wawili wamekaa kwenye vigoda, magoti yamegusana, chupa mbili katikati yao juu ya kitambaa.

"Yangu kulia," alikuwa akisema mama yake. "Haya inua kichwa."

Mama Gidabuday aliinua kichwa. Tone likaanguka kwenye jicho lake la kulia. Kisha akachukua chupa yake mwenyewe, akajitia kushoto. Halafu wakabadilishana. Mama Fransiska naye alipata tone la chupa yake kulia, la chupa ya jirani kushoto. Walifanya kwa wepesi wa watu waliokwisha kuzoea.

"Mama!" Philomena alikuja mbio. "Mnafanya nini? Si mliambiwa kila mtu na yake?"

"Shikamoo haipo siku hizi?" alisema Mama Gidabuday.

"Shikamoo mama. Lakini mnafanya nini?"

"Marahaba. Tunagawana," alisema kama anayemweleza mtoto. "Mmoja wetu ana dawa ya kweli. Hatujui nani. Sasa kila mmoja anapata jicho moja."

"Siyo kwamba nyingine ni ya uongo! Ni ile ya zamani."

"Ya zamani tumeitumia sana," alisema Mama Fransiska. "Tazama ilipotufikisha."

"Mama, mnaharibu kazi ya watu!"

Mama yake alipapasa mpaka akapata mkono wa binti yake.

"Keti. Nikuulize. Ulipozaliwa maziwa yangu yalikatika, nilikuwa na homa. Ulikunywa maziwa ya ng'ombe wa nani?"

Philomena alilijua jibu tangu utoto.

"Huyu hapa alikamua, ndama wake wakilia. Hakusema hii ni ya kwangu, tumia yako. Leo nipewe chupa, nijifungie ndani nijitilie peke yangu, kesho mimi naona na yeye amepofuka? Nitamsalimia kwa mdomo upi?"

Mama Gidabuday alikuwa ameinamia bangili zake, anazizungusha.

"Ukimwambia huyo kijana wako," aliongeza Mama Fransiska kwa sauti ya chini, "tutatolewa wote wawili. Na mimi jicho la kulia limeanza kusikia mwanga, Philo. Jana niliona kuku. Nilimwona ni mwekundu."

Philomena alirudi Katesh hajui ameahidi nini. Ila alikuwa hajakataa.

Simu ya Wolfgang iliingia siku aliyopima mara ya pili.

"Philo wangu."

"Abee, mpenzi. Mbona sauti imechoka?"

"Kuna kitu sikielewi. Mama yako na jirani yake. Wote jicho la kulia limesafika. La kushoto limebaki vilevile, la mama ndiyo limezidi kuharibika. Kwa wote wawili, jicho lilelile. Ugonjwa hauna tabia hiyo." Akavuta pumzi. "Profesa ameziona namba. Anadhani nimepima mtu mmoja nikaandika mara mbili. Kuna kitu pale nyumbani? Kitu chochote unachokijua?"

Philomena alikuwa anamenya tangawizi. Kisu kilisimama. Alimwona mama yake na kuku mwekundu. Alimwona Mama Gidabuday anazungusha bangili.

"Hakuna," alisema.

"Una uhakika, dia?"

"Wolfgang, nikisema hakuna, hakuna. Umekula?"

"Sijala."

"Kesho nitakuletea makande."

Alikata simu, akaendelea kumenya tangawizi ambayo ilikuwa imekwisha kumenywa, mpaka akajikata kidole.

Kesho yake alivaa kitenge chake kipya, cha bluu chenye ndege weupe, akajifunga kilemba, akapaka mafuta mpaka miguuni. Alibeba hotpoti la makande yaliyoiva vizuri, yenye maziwa na kitunguu saumu kingi kwa heshima ya Bashay. Njiani alikuwa ameamua. Atamwambia. Atamkalisha, amlishe kwanza, kisha amwambie yote.

Ofisi ya utafiti ilikuwa vyumba viwili vya kupanga karibu na stendi. Nje palisimama gari geni lenye matope. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti ya mwanamke mtu mzima ilitoka ndani, tulivu, ya mtu asiyehitaji kupaza.

"Namba hizi mbili zinafanana kama mapacha, Wolfgang. Na kijijini naambiwa unaonekana kwenye nyumba hiyohiyo siku zisizo za kupima. Yule mwanamke wa viungo ni nani yako?"

Philomena alisimama kizingitini. Hakuwa na nia ya kusikiliza. Miguu ndiyo iliyokataa.

Kukawa kimya. Kimya kirefu mno.

"Si mtu wangu, Profesa," ilijibu sauti aliyoizoea sikioni kila jioni. "Muuza viungo tu wa sokoni."

Makande yalikuwa yanampasha mikono. Aliliweka hotpoti chini kwenye ngazi, polepole, lisilie. Akageuka, na upepo wa Katesh ukamrukia usoni, safari hii akaushukuru, maana ulimpa sababu ya machozi mbele za watu.

Wolfgang alipiga simu jioni ileile. Philomena aliiacha iite. Ikaita tena. Ya tatu aliipokea.

"Philo, hotpoti nimelikuta mlangoni. Kwa nini hukuingia?"

"Muuza viungo anaingia ofisi za watu kufanya nini?"

Alimsikia akivuta pumzi. "Umesikia."

"Nimesikia."

"Nisikilize. Ningesema ukweli angefunga kila kitu. Watu wote wale wa Endasak, mama yako akiwemo…"

"Usimtaje mama yangu! Ungeweza kusema 'ni rafiki.' Ungeweza kunyamaza. Ulitafuta neno, Wolfgang. Nilikusikia unavyolitafuta. Ukalipata hilo."

"Philomena…"

"Nilishawahi kuachwa na mtu kimyakimya. Sikujua kwamba kuna kuachwa huku mtu anakula makande yako."

Alizima simu kabisa. Irene aliuliza kama ni Wolfi, akaambiwa alale.

Siku zilizofuata zilipita kama uji usio na sukari. Habari zilimfikia mezani pake kupitia wateja. Yule kijana wa dawa ya macho kasimamishwa. Inasemekana alitunga majibu. Profesa atakaa mpaka Ijumaa, kisha anafunga, watu wote warudishe chupa.

Kwanza Philomena alifurahi, furaha chungu, ya nusu saa. Kisha akakaa na mzigo wake. Wolfgang alikuwa amemkana kwa maneno machache. Yeye je? Alisema "hakuna" moja, na hiyo "hakuna" sasa ilikuwa inamnyang'anya mtu jina lake na kazi yake, na kuwanyang'anya watu wa Endasak dawa. Maneno yake yalikuwa machache kuliko ya Wolfgang, lakini yalikuwa mazito zaidi.

Alhamisi alikwenda Endasak. Mama yake alikuwa mlangoni, kitambaa kimefunika jicho la kushoto.

"Linauma, mwanangu. Hilo la kushoto limeingia doa jeupe."

Philomena alipiga magoti, akalifunua, akaliona. Katikati ya jicho palikuwa na kovu kama tone la maziwa.

"Mama," alisema, akalifunika tena. "Kesho tunakwenda kusema."

"Watatutoa."

"Watawatoa. Lakini hilo jicho linataka daktari haraka, na mtoto wa watu anaitwa mwongo kwa sababu yetu. Kwa sababu yangu. Aliniuliza nikamkatalia."

Mama Fransiska alisimama, akaita juu ya ukuta: "Mama Gidabuday! Kesho vaa vizuri. Tunakwenda kushtakiwa."

Profesa Lucia alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizosukwa nyuma. Aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, akamsikiliza Philomena bila kumkatiza. Wolfgang alisimama pembeni mwa kabati, shati halijapigwa pasi, hakuthubutu kumtazama Philomena.

"Subiri," alisema Profesa. "Chupa ya nani iliingia jicho lipi?"

"Yangu kulia," alijibu Mama Fransiska. "Yake kushoto. Wote wawili."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Hatukukosa. Hata Ijumaa Kuu."

Profesa alivua miwani. Aliyatazama macho ya Mama Fransiska kwa kurunzi, akaenda kwa Mama Gidabuday, akarudi. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Mmekwisha kutoka kwenye utafiti, mama zangu, siwezi kuwarudisha. Lakini jicho limeharibika, kwa hiyo naruhusiwa kuwafungulia namba zenu, ili daktari ajue mlitumia nini." Aliingia chumba cha pili kupiga simu. Walimsikia akitaja namba, mara mbili. Alirudi akaegemea mlango.

"Dawa mpya ilikuwa chupa ya Mama Fransiska."

Ilichukua muda kuingia. Philomena ndiye aliyeanza kuelewa. Kama mama yake angejifungia ndani, kama angetumia ya kwake peke yake, kulia na kushoto…

Mama Gidabuday naye alikuwa ameelewa. Alishika mdomo. Bangili zote zikateremka mpaka kwenye kiwiko kwa kishindo kimoja.

"Kwa hiyo," alisema Mama Fransiska taratibu, "jicho langu la kushoto analo Mama Gidabuday."

"Fransiska, mimi sikujua…"

"Nani aliyejua? Kompyuta." Alinyoosha mkono, akaupapasa uso wa jirani yake, akasimama penye jicho la kulia, lile zima. "Linaona vizuri?"

"Linaona."

"Basi halijapotea. Limehamia nyumba ya pili."

Mama Gidabuday alilia waziwazi, bila kujifuta. "Nitatembea upande wako wa kushoto. Mpaka nife."

"Na upande wako wewe atatembea nani?"

"Gidabuday. Kwani nimemzaa kwa kazi gani?"

Hata Profesa alicheka, kisha akageukia ukuta. Alipowageukia tena alikuwa amekwisha kuvaa miwani. "Macho manne si utafiti," alisema. "Siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba dawa inafanya kazi kwa sababu ya hawa wawili. Wolfgang, hukutunga. Nakuomba radhi kwa hilo. Utafiti hautafungwa. Leo hii gari langu litawapeleka mama hawa kwa daktari wa macho." Akamtazama Wolfgang. "Ila niliuliza swali siku ile."

Wolfgang alitoka pale kabatini.

"Nilikujibu uongo, Profesa. Philomena ni mtu wangu. Kabla mama yake hajaingia kwenye utafiti alikuwa mtu wangu. Niliogopa, nikamkana."

Mama Fransiska aligeuza jicho lake moja kuelekea ile sauti, akalifinya, akamkagua kuanzia viatu.

"Ndiyo huyu? Mbona mfupi?"

Philomena alitamani sakafu impokee.

Daktari alisema kovu halitaondoka. Lingeweza kuzuiwa lisikue, basi. Mama Fransiska alirudi Endasak na jicho moja, na jirani upande wa kushoto. Philomena hakumpigia Wolfgang, wala Wolfgang hakupiga. Kila mmoja alikuwa na "hakuna" yake ya kuimeza.

Siku ya mnada upepo ulikuwa mkali mpaka Philomena akafunika mabeseni yote kwa nailoni. Irene alikuwa chini ya meza, anamvika mwanasesere wake kitambaa. Shati jeupe lilisimama mbele ya meza. Lile lile. Mikononi mwake hotpoti.

"Nimeleta chombo chako," alisema Wolfgang.

"Weka hapo."

"Hukifungui?"

Alifungua. Lilikuwa limejaa vitunguu saumu vya Bashay, vikubwa, vimekaushwa vizuri, vimesukwa mashina kama nywele.

"Mama yangu alisema chombo cha watu hakirudi kitupu. Nikamwambia ni cha nani. Nimemwambia yote."

Philomena alikisukuma kichwa kimoja kwa kidole. "Alisemaje?"

"Alisema mimi ni mjinga. Amesema pia angependa kumwona huyo aliyenifanya niwe mjinga zaidi." Alijaribu kutabasamu, tabasamu halikukaa. "Nimetolewa kwenye kupima. Profesa amenihamishia maabara, huko mjini, mpaka utafiti huu uishe. Sijui ni miezi mingapi. Basi langu ni kesho."

"Ahaa."

"Philo, lile neno. Nilikuwa nalitafuta kweli. Nililitafuta ili likulinde na linilinde, likaja linalonilinda mimi tu. Sina cha kujitetea."

Mteja alikuja kuuliza iliki, Philomena akamhudumia, mteja akaondoka.

"Na mimi uliniuliza nikakwambia hakuna," alisema Philomena. "Nilijua kila kitu. Nilimchagua mama."

"Ningekuwa wewe ningemchagua mama."

"Usinisamehe haraka hivyo. Bado nina hasira na wewe."

"Kaa nayo. Nikirudi nikute imebaki kidogo, nije na wazee wetu kutoka Bashay, waongee na wa kwenu Endasak. Ukitaka." Aliegemeza mikono mezani, vidole vikaingia kwenye vumbi la manjano, hakujali. "Ila kabla sijaondoka nakuuliza tena lile swali. Na safari hii usinihurumie. Kuna kitu chochote unanificha?"

Upepo uliinua pembe ya nailoni. Philomena aliishika.

"Kipo," alisema.

Uso wa Wolfgang ulishuka. "Sema."

"Irene anakuita baba. Ukiwa haupo. Nilimkataza, hasikii."

Mnada wote ulikuwa unapiga kelele, ng'ombe, wanadi, spika za wauza mitumba. Wolfgang alisimama kama hasikii hata kimoja.

"Na nikiwepo?"

"Ukiwepo anaona aibu. Anakuita Wolfi."

Wolfgang alizunguka meza, akachuchumaa kwenye vumbi na suruali yake ya safari. Chini ya meza Irene alikumbatia mwanasesere, akamtazama mama yake kwanza. Philomena hakutikisa kichwa, kukubali wala kukataa. Aliuma tu mdomo.

Mtoto akatoka akitambaa, akasimama, akaweka mkono mdogo juu ya kichwa cha mtu aliyeinama mbele yake, kama bibi yake alivyozoea kuwashika watu ili awajue.

"Shikamoo, baba."

Wolfgang aliufunika ule mkono mdogo kwa wake.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."